Ufunguo wa Kompyuta Ukae kwa Nani?

Kabla Windows au Linux haijaamka, programu dhibiti iliyo kwenye ubao mama huwa imeshaamka, na kwa utaratibu wa Secure Boot hukagua saini ya kila kinachofuata. Mwenye funguo za saini hizo ndiye mwenye kauli juu ya mashine. Watengenezaji wanataka wabaki nazo wao, na hoja zao ni hizi.

"Kwetu ziko salama." Mwaka 2023 wadukuzi waliiba data za MSI, mtengenezaji wa kompyuta, na kuzianika mtandaoni, zikiwemo funguo za Intel Boot Guard, ulinzi unaokagua saini ya programu dhibiti yenyewe. Alama ya ufunguo wa aina hiyo huchomwa ndani ya chipu mara moja tu. Ukivuja, hata kiwanda hakiwezi kuubadilisha. Mwaka uliofuata kampuni ya Binarly ikafichua la aibu zaidi: mamia ya aina za kompyuta, za Acer, Dell na Gigabyte zikiwemo, ziliuzwa na ufunguo mkuu wa majaribio wa Secure Boot kutoka AMI, kampuni inayounda programu dhibiti, ambao cheti chake chenyewe kilionya kwa herufi kubwa kwamba usiaminiwe. Hicho ndicho kiwanda tunachoambiwa kina umakini kutuzidi! Aliyekuwa ameshaung'oa ufunguo huo akaweka wake, kasoro ile haikumgusa.

"Virusi vitabadilisha funguo kwa jina la mwenye mashine." Hofu ya haki, na dawa yake ipo: badiliko likubaliwe na mtu aliyekaa mbele ya mashine tu, kabla mfumo haujawaka. Microsoft yenyewe, katika masharti ya Windows 8 mwaka 2012, iliwataka watengenezaji wa kompyuta za x86 wamruhusu mwenye mali kuweka funguo zake. Wenye kompyuta wengi hawakuzigusa, na hakuna aliyewalazimisha.

"Asiyeridhika aizime Secure Boot." Kwenye vifaa vya ARM masharti hayohayo yalikataza kuizima. Tena anayeunda Linux yake mwenyewe anautaka ukaguzi. Anachokataa ni kwenda kuomba saini ya Microsoft, kampuni inayoshindana naye.

"Masasisho ni kazi yetu." Ni kweli, kwa miaka michache. Baadaye kompyuta huuzwa mtumba, ifike labda Kariakoo, ikiwa bado nzima. Fundi akitaka kuiwekea coreboot, programu dhibiti huria, Boot Guard iliyofungwa kiwandani itaikataa kwa kukosa saini ya mtengenezaji, naye alishaacha kuisainia mashine hiyo chochote.