Chemchemi ya Mgeta na Visima Vyetu

Siku hizi ukiuliza kwa nini kisima cha pwani kimeingia chumvi, jawabu huwa tayari: wanakijiji wamekata miti, wanakijiji hawana elimu. Sisi hatulikubali jawabu hilo, na tumezidi kulikataa tangu tulipokwenda Mgeta, katika milima ya Uluguru, kutazama chemchemi.

Sisi watu wa jiwe la matumbawe tumezoea maji yanayojificha. Mvua ya Unguja ikianguka penye mawe haifanyi mto. Huzama katika nyufa na mapango, ikapita chini kwa chini, kisha ikatokeza mbali. Maji ya chemchemi za upande wa Bububu ndiyo aliyoyaleta mjini kwa mfereji Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888.

Mgeta si hivyo. Jiwe la kule ni gumu na la kale sana. Kinachoweka maji ni msitu na udongo, ambavyo hunyonya mvua na ukungu, vikayaachia maji polepole hata wakati wa kiangazi. Tuliyakuta yakitoka chini ya mizizi, baridi ya kuuma meno (mwenzetu mmoja alikunywa vikombe vitatu, akasema imekosekana sukari tu), na wenyeji wameyaongoza kwa vijifereji mpaka kwenye matuta ya kabichi, karoti na njegere. Yanayobaki huingia Mto Mgeta, na Mto Mgeta huingia Ruvu, ambao Dar es Salaam hunywa.

Basi kwa ajili ya maji hayo ya Ruvu, katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani kote. Penye maji na mbolea, kama mashamba ya mboga ya Mgeta, matuta yalifaa. Lakini mahali pengine udongo mzuri, nao ni mwembamba, ulifukiwa chini na udongo mbaya ukaja juu, mazao yakapungua. Watu walisema, hawakusikizwa. Mwaka 1955, huko Matombo, upande wa mashariki wa milima, ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa, na amri ile ikaachwa. Wataalamu walikuwa na vipimo vyao, ila yule anayelima mteremko ule hawakumwuliza.

Tukirudi kwetu, maji yetu matamu yameelea juu ya maji ya bahari ndani ya jiwe lenye matundu. Ukiyavuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Tena jiwe hilo halichuji: uchafu wa shimo moja la choo waweza kutokea katika kisima cha jirani. Sasa twauliza, mwanamke mwenye ndoo na kamba aweza kuvuta hata chumvi ikapanda? Mwenye kuweza ni mwenye mashine, na mwenye mashine mara nyingi ni hoteli yenye bustani na bwawa la kuogelea.

Kwa hiyo twataka kila kisima cha mashine kiwe na kipimo, na hesabu yake ya kila mwezi ibandikwe barazani kwa Kiswahili. Na kabla ya kisima kipya kuchimbwa, wazee na wanawake wachotao maji waitwe, waulizwe ni visima gani vilibadilika ladha, na tangu lini.