Si Kweli Kwamba "Is" ni "Ni"

Katika darasa moja la kidato cha kwanza mjini Ifakara, ambamo niliruhusiwa kuketi nyuma kwa juma zima, niliona ubaoni maandishi haya: "am" = ni, "is" = ni, "are" = ni. Mwalimu aliyapigia mstari, akawaagiza watoto wayanakili, nao wakayanakili kwa mwandiko mzuri kuliko yalivyostahili. Sitaitaja shule, maana kosa si lake peke yake. Mimi mwenyewe nililifundisha kosa hilo kwa miaka miwili kabla sijaanza kulitilia shaka. Nataka kulipinga hapa, mbele ya wasomaji wa jarida hili, kwa kuwa miongoni mwao wamo watakaotunga vitabu vya kesho na watakaowafundisha walimu.

Mvulana mmoja, mtoto wa mkulima wa mpunga aliyekuja na gari la moshi kutoka Mlimba kukaa kwa shangazi yake, aliandika katika daftari lake: "I am live at Ifakara." Mstari wa pili aliandika: "He live at Mlimba." Wa tatu: "My father in the farm." Mwalimu alitia alama nyekundu mara tatu, darasa likacheka, mvulana akainama. Lakini tukimtazama vema mtoto huyu tutaona kwamba hakukosa, bali alitii. Ameambiwa kuwa "am" ni "ni". Anataka kusema "ninaishi Ifakara". Neno lake laanza na ni, basi atie "am". Anataka kusema "anaishi Mlimba". Neno hilo halina ni mahali popote, basi kwa nini atie kitu? Anataka kusema "baba yuko shambani". Hapa pia ni haipo, kwa hiyo akaacha nafasi tupu, akasahihishwa kwa kuwa ameacha nafasi tupu. Mwenzake wa dawati la mbele aliandika "I am have a book", nalo latoka katika chemchemi ile ile, yaani "nina kitabu". Aufuataye ubao ule kwa uaminifu hawezi kuandika vingine.

Ni ya "ninaishi" ni kiambishi cha nafsi. Ni ya "huyu ni mvuvi" ni neno la kuunganisha mtu na kile alicho. Sauti ni moja na kazi ni mbili, kama paa la nyumba na paa wa mwituni. Na hakuna mzazi katika bonde lote la Kilombero amtumaye mtoto porini kwenda kutafuta la nyumba. Ajabu ni kwamba sisi wenye shahada twafanya hivyo darasani kila mwaka.

Kosa hili lina ukoo. Vitabu vya sarufi ya Kiswahili tulivyorithi, kuanzia kile cha Edward Steere cha mwaka 1870 hata kile cha Bibi Ashton cha mwaka 1944, vilitungwa kwa ajili ya Waingereza waliotaka kujifunza lugha yetu. Msomaji wa Steere alikuwa na kitenzi "be" kichwani, naye aliuliza kwa haki yake: Waswahili husemaje neno hili? Akajibiwa. Sina ugomvi na jibu, wala na wazee wale, ambao walifanya kazi kubwa kwa wasomaji wao. Ugomvi wangu ni na sisi. Tumekichukua kitabu cha mgeni, tukakigeuza ili kimfundishe mtoto wetu Kiingereza, lakini swali lenyewe hatukuligeuza. Mtoto wa Ifakara hana "be" kichwani. Yeye ana ni, ana u na yu, ana yuko, yupo na yumo, ana ndiye na huwa. Swali lake ni kinyume cha lile la Mwingereza. Anauliza: haya yote niliyo nayo, Kiingereza huyasemaje? Na sisi twamjibu swali ambalo hakuuliza.

Tusimame kidogo kwenye daraja la Kilombero, lenye urefu wa mita 384, ambalo lilifunguliwa rasmi mwaka 2018, nasi tuwasikilize wapitao. Mgeni anaambiwa: mto huu ndio Kilombero. Mahenge iko ng'ambo. Zamani kivuko kilikuwapo, leo daraja lipo. Samaki wamo. Wakati wa masika bonde huwa maji matupu. Katika maneno hayo yote ni peke yake haikusikika hata mara moja, na hata hivyo Mwingereza atayasema yote kwa kitenzi kile kimoja, "is" au "are" au "was" kwa kadiri ya nafsi na wakati. Sisi twatofautisha kitu kilicho ndani, kilicho hapa palipojulikana, na kilicho huko kusikobainishwa. Yeye huyaachia maneno mengine kazi hiyo. Yeye naye hubagua mambo ambayo sisi hatuyabagui kwa njia yake. Mtoto akionyeshwa hayo mara moja tu, kwa mifano ya mto aujuao, hatashangaa tena kwa nini "My father in the farm" ina pengo. Atajua kwamba yuko nayo ni "is".

Wengine husema kwamba kubadilika kwa "am", "is" na "are" ni jambo geni kabisa kwa Mswahili, ndiyo sababu haliingii kichwani. Hili nalikanusha. Kila asubuhi katika soko la Ifakara twaweza kusikia, "U hali gani, mama?" Hiyo u ni nini, kama si "are"? Na husemwa yu hai, tu wazima. Ziweke pamoja: ni mzima, u mzima, yu mzima, tu wazima, m wazima, wa wazima. Hapa nafsi imebadilika na neno limebadilika nayo, tena kwa ukamilifu kuliko Kiingereza, ambacho kina maneno matatu tu kwa nafsi zote sita. Mwalimu angeanza na salamu angekuwa amekwisha kulijenga nusu ya somo. Lakini tumezifukuza u na yu hata katika darasa la Kiswahili, kana kwamba ni mapambo ya washairi, na badala yake vijana wetu wanasema "wewe uko mgonjwa". Basi hasara ni maradufu: Kiingereza hakikuingia, na Kiswahili kimepungua.

Jambo la viwakilishi ni zito zaidi, kwa sababu ndilo lililomnyamazisha mtoto mmoja nikimwona. Msichana huyo alisimama akasema, "My mother he is sick." Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha mvulana wa Mlimba, na mwalimu naye alicheka. Juma lote lililobaki sikuisikia tena sauti yake. Yafaa tuulize alikosa nini. Katika "mama yu mgonjwa" kuna yu, nayo yaitaka nafasi yake. Ndiyo maana akatia kiwakilishi baada ya jina. Na yu haimtazami mtu kama ni mume au mke. Kiswahili hakiulizi hilo. Wala Kindamba, Kipogoro, Kimbunga na Kibena, lugha za nyumbani katika bonde hili, haziulizi. Msichana alikuwa anatumia sarufi timamu ya lugha mbili au tatu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba Mwingereza akiisha kutaja jina haliongezei kiwakilishi, na asipolitaja jina hana budi kuweka kiwakilishi na kuchagua kati ya "he" na "she". Maelezo hayo hayachukui dakika tano.

Najua nitajibiwa na wale wasemao kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tupu, na Kiswahili kiachwe mlangoni. Lakini mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili kwa miaka yote hawezi kukivua kama kofia. Atafasiri tu, ukimkataza, atafasiri gizani, bila msaada wako. Wako pia wale wanaokumbusha kwamba Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 sekondari zifundishe kwa Kiswahili, na kwamba lingefanyika hilo shida hii isingekuwako. Niko upande wao katika hoja ya lugha ya kufundishia. Hata hivyo siku hiyo ikifika, Kiingereza kitabaki somo, na ubao ule utabaki na uongo wake.

Na kwa sasa Kiingereza si somo tu. Katika mji huu iko taasisi ya utafiti wa afya ambayo mwanzo wake ni maabara iliyoanzishwa na Waswisi katika miaka ya 1950, na malaria imechunguzwa hapa hata jina la Ifakara likajulikana kwa wataalamu wa dunia. Karibu na taasisi hiyo mtoto aweza kusema bila kusita, "kimelea kimo katika damu", na mo yake yaeleza ndani barabara. Katika mtihani wa biolojia ataandika "The parasite in the blood", na aisomaye karatasi ataona sentensi isiyokamilika, pengine adhani na elimu yake haikukamilika.

Siku ya mwisho mwalimu alinipa dakika kumi. Nilifuta ubao, nikaandika: baba yuko, mama yu mgonjwa, samaki wamo, nikawaomba watafute mahali pa "is" na "are". Msichana yule hakusema neno. Mvulana wa Mlimba alipata zote tatu, kisha akauliza Kiingereza husemaje "bonde huwa maji". Nikamwambia kwamba hapo Mwingereza hana neno moja. Husema "is" na kuongeza "every year", au hutafuta kitenzi kingine. Akaandika, akatazama alichoandika, akauliza kama "every year" ndiyo hu. Kengele ikalia kabla sijamjibu.