Escudo ya Watalii

Jamani, mume wangu kaipenda Suzuki Escudo iliyokuwa ikikodishwa kwa watalii. Bei poa, rangi inang'aa, na sisi wa Jang'ombe daladala tumezichoka. Lakini nusu ya pesa ni za upatu wangu, basi na mimi nina la kusema.

Magari haya hulala Nungwi na Paje, yakila upepo wa chumvi. Mgeni wa Ujerumani aliyezoea kupita kulia, huku anabadilisha gia kwa mkono wa kushoto. Masomo yote anayafanyia kwenye klachi! Usiulize kilometa tu, uliza limepitia mikono mingapi.

Nikamwambia, "Baba watoto, aje fundi wetu, si wa muuzaji, aingie uvunguni. Kutu ikibanduka magamba, pesa zangu zinarudi kwenye pindo la kanga."

Kanuna. Fundi anakuja Jumamosi.