Rekebisha saa yako kwanza

Leo naanza na ungamo, hoja itafuata.

Mwaka jana nilimwandikia bwana mmoja wa Ulaya, mpenzi wa redio kama mimi, nikamwambia mtambo wake wa kurushia mawimbi una kasoro. Nilimtumia hata grafu. Nilikuwa nimemsikiliza kutoka hapa Kianyaga tangu saa moja asubuhi hadi saa sita mchana, na katika muda huo masafa yake yalihama karibu kilohezi 30. Akanijibu kwa upole, sentensi moja tu: angalia saa yako kwanza.

Nilikasirika. Mimi nimesomea kompyuta, programu ya kupima nimeiandika mwenyewe, na nilikuwa nimeikagua mara tatu. Halafu nikafungua rekodi ya siku ile na kutazama vituo vingine. Vyote vilikuwa vimehama kiasi kilekile, kuelekea upande uleule. Haiwezekani Wajerumani, Wahindi na Wabrazili wahame pamoja kama kundi la mbuzi. Aliyehama ni mimi.

Ngoja nieleze kwa wasioujua mchezo huu. Redio ya programu ni redio ambayo kazi yake kubwa, yaani kuchuja na kutafsiri mawimbi, hufanywa na kompyuta. Unachomeka kidude cha USB cha chini ya dola 50, kinageuza mawimbi kuwa namba, na kazi inayobaki ni ya programu. Mimi husikiliza QO-100, mtambo wa redio za ridhaa uliobebwa na setelaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018. Setelaiti hiyo iko juu ya ikweta, nyuzi 26 Mashariki, kwa hiyo kwetu sisi iko karibu utosini, magharibi kidogo. Dishi la kawaida la televisheni linatosha kuinasa.

Tatizo liko kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Setelaiti inatuma kwenye megahezi 10,489 na kitu, masafa ambayo kidude changu hakiwezi kuyafikia. LNB huyashusha kwa kutoa megahezi 9,750. Hiyo 9,750 inatoka wapi? Ndani kuna kipande kidogo cha kristali kinachotetema mara milioni 25 kwa sekunde, na mtetemo huo huzidishwa mara 390. Hiyo ndiyo saa ya redio. Na kosa lake nalo huzidishwa mara 390.

Sasa fikiria asubuhi ya Kianyaga, baridi inashuka kutoka mlimani na LNB iko nje juu ya mabati. Kufika saa sita, jua limeichoma vya kutosha. Kristali ya bei rahisi ikipata joto hubadilisha mwendo. Ikikosea sehemu moja tu kwa milioni, kwenye redio ya FM ya megahezi 100 hilo ni kosa la hezi 100, na hakuna atakayelisikia. Kwenye dishi langu kosa hilohilo ni karibu kilohezi 10, wakati mtu anayezungumza kwenye QO-100 anatumia upana usiozidi kilohezi 2.7. Yaani umeshampita majirani watatu!

Hapa ndipo hoja yangu inapoanza. Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa wa kudhani kila kitu kinatibika kwa mistari michache zaidi. Nami nilijaribu. Niliandika kipande kinachofuata ile ishara ya kudumu ambayo QO-100 hutangaza ili watu wapimie, kisha kinasahihisha kila kitu kulingana nayo. Kilifanya kazi vizuri, nikajipongeza. Lakini nilikuwa nimefanya nini hasa? Nilikuwa nimeazima saa ya mtu mwingine. Programu haikujua kama imekosea mpaka ilipopewa kitu cha nje cha kujilinganisha nacho. Ukihamia kwenye masafa yasiyo na ishara kama ile, umerudi gizani.

Ndiyo maana nikanunua saa inayojirekebisha kwa GPS. Setelaiti za GPS hubeba saa za atomiki, na kifaa hiki huifunga kristali yake kwa wakati wao. Kinatoa masafa unayoyataka, nami nikakipanga kitoe megahezi 25. Nikang'oa kristali ya LNB na kuingiza waya mahali pake. (LNB ya kwanza niliiunguza. Nunua mbili.) Tangu siku hiyo, toka asubuhi hadi mchana vituo husogea makumi ya hezi tu.

Kidude cha USB nacho kina kristali yake, ya megahezi 28.8, lakini chenyewe kinasikiliza kwenye megahezi 740 hivi. Kwa kosa lilelile la kristali, LNB inakuharibia mara 13 zaidi. Kama pesa zinatosha kufunga saa moja tu, anza na ile ya juu ya paa.

Mtasema kifaa hicho ni ghali kuliko redio yenyewe. Kweli. Anayesikiliza FM au kufuatilia ndege zinazopita hakihitaji, asidanganywe. Lakini ukitaka kupima na kumwambia mtu mwingine matokeo, huna njia ya mkato. Na ukitaka redio mbili zifanye kazi pamoja, mambo huwa magumu zaidi. Masafa sahihi ni kama wachezaji wawili kwenda kwa mwendo mmoja. Bado wanahitaji kuanza kwa mguu mmoja, na kazi hiyo hufanywa na pigo moja kwa kila sekunde kutoka kwenye saa hiyohiyo. Usitegemee saa ya kompyuta inayorekebishwa kwa intaneti. Kosa la milisekunde moja ni kilomita 300 za safari ya mawimbi, karibu mara tatu ya umbali wa kutoka hapa hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka.

Wazee wetu waliotupa saa ya Kiswahili walilijua hili. Hawakuhesabu saa kwa kubahatisha kichwani. Walichukua jua, ambalo hapa karibu na ikweta huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, wakalifanya shahidi wa wote. Saa moja ni saa moja kwako na kwa jirani.

Yule bwana nilimwomba radhi. Akanitumia picha ya LNB yake, waya umechomekwa palepale nilipochomeka wangu. Siku hizi, kabla sijamwambia mtu kwamba amekosea, kwenye redio hata kazini, hujiuliza nimepima kwa saa ya nani.

Mnaonaje, wadau?