Makato ya Bima ya Afya na Kalamu ya Karani

Wanachama wenzangu, iko habari inayonong'onwa katika afisi zetu hapa Kenya, nami naona yafaa inenwe wazi.

Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Mwenye Shs. 50,000/-, aliyekuwa akitoa Shs. 1,200/- kwa mfuko wa zamani wa NHIF, sasa hutoa Shs. 1,375/-. Hayo twayajua, na tumeyalalamikia sana. Tusilolitazama ni hili: sheria iliyoanza tarehe 27 Desemba 2024 yaamuru fedha hizo ziondolewe kwanza, ndipo kodi ihesabiwe juu ya kilichosalia. Kwa viwango vya mwaka 2025, shilingi za mwisho za mtu huyo hutozwa asilimia 30. Basi hupata nafuu ya Shs. 412/50 kila mwezi, yaani Shs. 4,950/- kwa mwaka. Hiyo ni karo ya mtoto, au sehemu yake.

Karani wa mishahara akihesabu kwa desturi ya kale, nafuu hiyo hupotea kimya kimya. Mwajiri hapungukiwi hata senti, kwa kuwa yeye hachangii bima hiyo. Kazi yake ni kukata, kupeleka na kuandika. Taarifa yake hufika kwa Mamlaka ya Mapato kabla tarehe 9 ya mwezi ufuatao haijapita, nayo huonekana safi.

Rafiki yangu mmoja, karani kama sisi, alipokea hati yake ya P9 akakuta sufuri mahali pa bima, ilhali hati zake za mshahara zaonyesha alikatwa miezi yote 12. Alipouliza akaambiwa, "Ni mashine." Mashine gani hujijaza yenyewe? Nasi tulio makarani tusijifanye wageni wa jambo hili.

Asiyeilinganisha P9 yake na hati za mshahara kabla ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kutoa taarifa ya mwaka uliopita, ataithibitisha kasoro hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Naomba jambo hili liingizwe katika shauri la mkutano ujao, na kila mwanachama aje na P9 yake mkononi.