Tuziokoe Kanda za Familia Kabla Deki Hazijaisha

Katika makabati ya sebuleni, kuanzia Mbeya hadi Iringa, zimo kanda za video ambazo hazijachezwa kwa miaka mingi. Zimebeba harusi, Komunyo ya Kwanza, jubilei za masista, upadrisho wa vijana wa parokia na mazishi ya wazee. Sisi tunaona kwamba kanda hizo zihamishiwe kwenye kompyuta sasa, na kwamba fedha kidogo zinatosha tukiifanya kazi hiyo kwa pamoja.

Kwa nini sasa? Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Sherehe ya kijijini ya kabla ya hapo, kama ina picha zinazotembea, zimo kwenye kanda ya familia au ya parokia, na mara nyingi nakala ni moja tu. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Deki zilizobaki zinachakaa, na unyevu wa masika yetu huotesha ukungu kwenye utepe.

Wapo watakaosema parokia ina mahitaji makubwa zaidi: paa, maji, karo za watoto. Ni kweli, na ndiyo maana hatuombi studio wala mfadhili. Inatosha deki moja nzima, waya wa rangi tatu (njano, nyeupe na nyekundu), kifaa kidogo cha kunasia video kinachochomekwa kwenye USB, na kompyuta iliyopo ofisini. Programu ya OBS Studio hupatikana bure. Seti moja yaweza kuhudumia dekania nzima. Kanda ya saa tatu huhamishwa kwa saa tatu, basi gharama kubwa ni muda, na vijana wa TYCS wanao muda wakati wa likizo. Kanda yenye ukungu isiingizwe kwenye deki kabla ya kusafishwa na fundi, kwani itachafua deki na kuharibu kanda nyingine.

Penye reli za filamu za milimita 8, tutumie projekta inayofanya kazi vizuri. Filamu ioneshwe kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, ndani ya chumba chenye giza, na simu iliyotulia kwenye stendi irekodi. Reli ya kawaida ya Super 8 ina mita 15, yaani dakika tatu hivi. Ubora hautakuwa wa maabara, lakini nyuso zitatambulika. Filamu inayonuka siki imeanza kuoza. Itengwe na nyingine. Filamu na kanda za asili zisitupwe hata baada ya kuhamishwa.

Saa moja ya video kwa ubora wa DVD huchukua takribani GB 2, hivyo hata diski ndogo hubeba mengi. Tuweke nakala tatu, na mojawapo ikae mbali: ya Mbeya itunzwe Iringa, na ya Iringa itunzwe Mbeya. Moto au mwizi hawezi kufika kote kwa siku moja.

Jambo lisilosubiri deki wala umeme ni majina. Bibi akifariki, hakuna kompyuta itakayotuambia yule mama mwenye kitenge cha bluu ni nani. Jumuiya ndogo ndogo ziwaketishe wazee watazame, na kijana mmoja aandike. Tena picha za misiba zisirushwe mitandaoni bila ridhaa ya familia.

Kila Novemba tunawaombea marehemu wetu kwa majina. Wajukuu wengi wanayajua majina hayo tu. Sauti zenyewe hawajawahi kuzisikia. Zimo kabatini. Maparoko watangaze Jumapili moja, waamini walete kanda zao, na kazi ianzie kwenye ile iliyo ya zamani kuliko zote.