Macho Hayana Pazia

Macho hayana pazia, walisema wahenga. Hata hivyo tumezoea kuchagua kipi kistahilicho kutazamwa. Mtu akisimama mbele ya mlango wa nakshi kule Lamu, twamwita mpenda sanaa. Akisimama kando ya reli kutazama gari la moshi likipita baina ya maghala, twamuuliza ati hana kazi? Leo twapenda kulieleza daraja moja la chuma la Uholanzi lililookolewa na watazamaji wa namna hiyo, ili nasi tupate la kujiuliza.

Katika mji wa Rotterdam, kusini mwa mto Nieuwe Maas, kuna mtaa uitwao Feijenoord. Ulikuwa mtaa wa gati, maghala na viwanda. Huko kilisimama kiwanda cha majarini cha Van den Bergh, kampuni ambayo mwaka 1930 iliingia katika Unilever, na ndiyo iliyotoa jina la Blue Band linalojulikana hata katika mikahawa ya Mombasa. Mbele ya mtaa huo pana mkono wa maji uitwao Koningshaven, na juu yake ilipita reli ya kwenda kusini. Basi hapo palikuwa na ugomvi wa kila siku: gari la moshi lataka kupita juu, meli yataka kupita katikati. Nani ampishe mwenziwe?

Daraja la kwanza, la mwaka 1878, lilikuwa la kuzunguka, mfano wa mlango unaogeuka kwenye bawaba. Novemba 1918 meli ya Kijerumani ililigonga, ikadhihirika kuwa linawabana mno wenye vyombo. Mhandisi Pieter Joosting akasanifu jingine, likafunguliwa mwaka 1927. Wenyewe waliliita De Hef, yaani la kuinuliwa.

Baharia wa jahazi hahitaji kufundishwa linavyofanya kazi. Kuna minara miwili, na baina yake limelala daraja lenye reli. Kamba za chuma zimelishika kwenye ncha zake, zikapanda hadi kwenye magurudumu yaliyo juu ya minara kama henza inavyopita katika kapi, zikateremka upande wa pili zikiwa zimefungwa mizigo mizito ya kusawazisha. Uzito wa mizigo hiyo walingana na uzito wa daraja. Kwa hivyo mtambo hauhitaji nguvu za ajabu. Hutia msukumo kidogo tu, na daraja likatwekwa mzima mzima kama foromali. Sisi tuliosomeshwa chuoni twalijua neno mizani kwa uzito wake. Hapo utaliona kwa macho.

Mwaka 1928 kijana wa Kiholanzi, Joris Ivens, alitoa filamu isiyo na sauti, ya muda wa robo saa hivi, aliyoiita De Brug, yaani Daraja. Haina hadithi ya mapenzi wala ya vita. Gari la moshi laja, lasimamishwa, daraja lapanda, vyombo vyapita, daraja lashuka, gari laenda zake. Ni hayo tu. Lakini Ivens alipanda juu ya vyuma na kamera yake, akatazama kama atazamavyo mtu anayeheshimu anachokiona, na filamu hiyo ikamtangaza. Yale waliyoyatazama wafanyakazi wa bandari kila siku wakaja kuyatazama wageni wa mbali.

Mwezi wa Septemba 1993 reli ilihamishiwa katika handaki chini ya mto, lenye njia nne badala ya mbili. Magari hayakuwa tena na haja ya kungojea meli. Daraja likawa halina kazi, na wenye hesabu wakataka libomolewe. Hapo ndipo watu wa mji walipokataa. Hawakudai kuwa lina faida. Walisema ni letu, tumelitazama maisha yetu yote. Likaachwa limesimama, sehemu ya katikati ikiwa imeinuliwa moja kwa moja, na mwaka 2000 likaandikwa katika urithi wa taifa.

Mtihani mwingine ulikuja mwaka 2022. Jeff Bezos, tajiri mwanzilishi wa Amazon, alikuwa akiundiwa mashua ya anasa yenye milingoti mitatu, urefu wake mita 127. Milingoti ilikuwa mirefu kuliko nafasi iliyo chini ya daraja, na wenye kiwanda wakataka sehemu ya katikati ifunguliwe kwa muda ili chombo kipite. Gharama zingelipwa. Twajua msemo wetu, mwenye nguvu mpishe. Watu wa Rotterdam hawakumpisha. Wengine walitishia kukingojea chombo hicho kwa mayai viza. Kiwanda kikaacha kuomba ruhusa, na mwezi wa Agosti chombo kikavutwa kwa njia nyingine, bila ya milingoti yake.

Wako watakaosema: hao wameshiba, ndiyo maana wanagombania vyuma, sisi kwanza tupate mkate. Hoja hiyo ina uzito. Hatusemi kila chuma kilichoshika kutu kihifadhiwe, wala kwamba reli mpya haina manufaa. Twasema tu, usiache mbachao kwa msala upitao.

Reli yetu ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Aprili 2017 gari la abiria la reli hiyo ya zamani lilifanya safari yake ya mwisho baina ya Nairobi na Mombasa, na mwezi uliofuata likazinduliwa jipya, linaloishia Miritini. Daraja la Nyali la kuelea, lililovusha watu tangu 1931 hadi 1980, vijana walijua kwa kusikia tu. Nairobi ina makumbusho ya reli tangu 1971, na hilo ni jema. Lakini injini iliyowekwa uani ni nusu ya urithi. Nusu ya pili imo vinywani mwa waliokuwa fayamani, gadi, pointimani na makuli wa Kilindini, na wazee hao wanaondoka mmoja mmoja.

Rai yetu ni hii. Walimu wa Kiswahili na wenye makumbusho wawatume vijana kwa wazee hao na daftari, waandike majina ya kazi, ya vifaa na ya mahali, kabla hayajazikwa pamoja nao. Kazi hiyo haihitaji fedha za mfadhili. Na yule mtoto anayesimama kando ya reli kuhesabu mabehewa, tusimfukuze.